Kipya Kinyemi: Kwa Nini Nilinunua Kamera Kuukuu



Vijana wenzangu, wazazi wetu, na wewe ndugu msomaji ambaye huenda hujawahi kushika kamera lakini una mtoto anayekuandama umnunulie. Maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo, baada ya sala ya alasiri, barazani pa madrasa yetu hapa Ndau. Ndugu wa jarida wakaniambia, "Hebu yaandike." Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema. Basi ukikuta mahali nimerukaruka, nisamehe, saumu siku hiyo ilikuwa imenishika barabara.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja wa hapa kwetu, jina lake tuliache, alinifuata akaniambia: "Kaka, harusi za Mfungo Mosi hizo zaja. Nataka kuanza kazi ya picha. Nimeiona kamera mpya kabisa, na pa kukopa nimepata." Nikamwuliza, wakopa kwa nani? Akanionyesha simu yake. Nikamwuliza tena, na utarudisha ngapi juu ya ulichokopa? Akanyamaza. Nami sikumcheka, manake ugonjwa huo naujua, umenilaza na mimi.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilishikwa na hamu ya kamera. Usiku badala ya kusoma nilikuwa naangalia vidio za watu wanaofungua maboksi. Huyu afungua kamera, yule afungua lenzi, na kila mmoja asema hii ndiyo hasa, ile ya mwaka jana imepitwa na wakati. Nikaanza kuweka akiba. Nilifundisha watoto wa watu hesabu, likizo nilipakia na kupakua mizigo ya boti, na sitaki kuficha, kuna siku niliitazama pesa ya mkopo wa masomo kwa jicho baya. Kila nilipokaribia bei ya kamera niliyoitaka, ilitoka nyingine mpya yenye bei ya juu zaidi, nami nikaisogeza shabaha mbele. Nilikuwa kama nahodha anayesema asubiri maji yajae ndipo aondoke, na yakishajaa asema, ngoja yajae kidogo tena.

Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo. Wakubwa wa hapa wanamjua. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba siku nitakapoipata ile kamera, picha ya kwanza itakuwa yake, amekaa chini ya dau, tezo mkononi, jasho lamtiririka. Nilishaipiga picha hiyo kichwani mara mia. Mwaka juzi, katikati ya kusi, babu akafariki, Allah amrehemu. Picha iliyobaki ni ile ya kipande tu, ndogo kama stempu, uso umekazwa kama mtu aliyeitwa na chifu. Tuliipeleka Lamu ikuzwe, ikarudi imejaa chembechembe, jicho moja halionekani vizuri. Mama ameiweka sandukuni.

Na simu nilikuwa nayo, ndugu yangu! Simu yenye kamera, mfukoni, kila siku nilipokuwa nikikaa naye. Hata hiyo sikuitumia. Nilikuwa nangoja kitu kizuri.

Miezi miwili baadaye nikachukua akiba yangu nikaenda kununua kamera iliyokwisha tumika, ya mtindo uliotoka nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Ni Sony A6000. Ilitangazwa mwezi wa Februari 2014, na wakati huo bei yake Marekani ilikuwa dola 650 bila lenzi. Mimi niliipata kwa shilingi 38,000 za Kenya pamoja na lenzi yake ndogo, betri mbili na mkoba uliochanika zipu. Sitangazi biashara ya mtu. Naitaja kwa jina kwa sababu ndiyo niliyonayo na ndiyo ninayoweza kuizungumzia kwa haki. Ziko Fuji, Olympus, Panasonic na Canon za miaka hiyo hiyo, na mengi nitakayoyasema yanazihusu nazo pia.

Tueleze kidogo kwa wasiojua. Kamera kubwa tulizozizoea, zile zinazopiga "klak" kubwa, ndani zina kioo kinachopeleka taswira juu kwenye dirisha la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo chanyanyuka, mwanga wapita. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa kamera iitwayo Lumix G1 ambayo ilikiondoa kioo hicho kabisa. Mwanga ukaenda moja kwa moja kwenye kile kigae cha ndani kinachopokea picha, yaani kihisi, na wewe ukaiona picha kwenye kioo kidogo cha elektroniki. Ndizo vijana wa mjini wanazoziita mirolesi. Kwa kuwa kioo cha kunyanyuka hakimo, kamera inakuwa ndogo na nyepesi. Kwa mtu anayetoka Ndau kwenda Lamu kwa boti, mzigo magotini na maji yarukia, wepesi si jambo dogo.

Sasa swali la yule kijana: si itakuwa imepitwa na wakati? Hebu tuhesabu, hesabu haina ushabiki. A6000 ya mwaka 2014 hutoa picha ya vitone 6,000 kwa 4,000, yaani vitone milioni 24, au tuseme megapikseli 24. Baada yake wakatoa A6300 na A6500 mwaka 2016, kisha A6400, A6100 na A6600 mwaka 2019. Zote hizo megapikseli ni 24 vile vile. Mwaka 2023 ikatoka A6700, dola 1,400 bila lenzi. Megapikseli ngapi? 26. Miaka tisa, bei imepita maradufu, vitone vimeongezeka milioni mbili.

Na hizo 24 zenyewe ni nyingi kuliko haja yetu. Karatasi ya A4, ambayo jarida hili halizidi ukubwa wake, ikichapishwa kwa kiwango kizuri cha vitone 300 kwa inchi, yahitaji vitone 2,480 kwa 3,508, ambavyo havifiki milioni tisa. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa hata chini ya hapo. Mtu anakopa laki mbili apige picha ambayo bibi harusi ataitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Nisieleweke vibaya, megapikseli si kila kitu. Lililo kubwa zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe, manake ndicho kinachokinga mwanga, kama ndoo inavyokinga mvua. Kihisi cha A6000 kina upana wa milimita 23.5 na urefu wa 15.6. Cha simu nyingi za kawaida ni kama ukucha wa kidole cha mwisho, eneo lake laingia mara kumi na zaidi katika hicho. Ndiyo sababu magharibi, wakati wa futari, taa ya sola iking'aa upande mmoja tu wa uso wa mtu, kamera hii kuukuu inatoa picha yenye uhai na simu inatoa uji. Na ndoo hiyo haikupungua ukubwa kwa kuwa mwaka 2014 umepita. Mwanga wa leo ni ule ule.

Waliotutangulia katika kazi hii walilijua hilo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mwanafunzi na Box Brownie, kamera ya sanduku ambayo mtu mzima angeidhania mchezo wa watoto. Akiwa hajafikisha miaka ishirini na moja alikwisha anzisha Camerapix, mwaka 1963. Picha zake za Hija zikawa kitabu mwaka 1978. Na zile picha za njaa ya Ethiopia alizozipiga Korem, ambazo BBC ilizionyesha tarehe 23 Oktoba 1984 na dunia ikashtuka, hazikushtua kwa sababu ya mtindo wa kamera. Zilishtua kwa sababu alifika. Alikufa mwaka 1996 katika ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na Ngazija.

Karibu na kwetu zaidi, mjini Lamu, alikuwako marehemu Omar Said Bakor, mwenye Studio ya Bakor. Huyu alikata na kuunganisha picha kwa mikono yake, picha mbili tatu zikawa moja, kabla kompyuta haijafika visiwani. Leo twasema hatuwezi mpaka tupate programu mpya!

Kuna faida nyingine ya kamera hizi ambayo sikuijua mpaka nilipokuwa nayo. Mjomba wangu alikuwa na Yashica ya filamu, ile aliyokuwa akipigia picha za Idi miaka hiyo. Filamu siku hizi kuipata ni tabu, kamera ikawa imelala kabatini. Lakini lenzi yake, ya milimita 50, ilikuwa nzima. Katika Yashica, lenzi hukaa milimita 45 na nusu kutoka kwenye filamu, kwa sababu kile kioo cha ndani chahitaji nafasi. Katika Sony isiyo na kioo, lenzi hukaa milimita 18 tu. Tofauti hiyo ndiyo unayoijaza kwa pete ya chuma, adapta, isiyo na umeme wala ujanja wowote. Nilinunua pete hiyo kwa pesa ya kula siku chache, nikaifunga lenzi ya mjomba, na ikafanya kazi. Fokasi unaizungusha kwa mkono, yataka subira, lakini nyuso zinatoka laini na nyuma kumeyeyuka. Mjomba alipoiona picha ya kwanza alisema, "Kumbe jicho langu bado laona." Akaomba ile Yashica tupu irudi kabatini, asiitupe mtu.

Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo ya ziada, itie kwenye lenzi. Mdomo wa kamera hizi za Sony ulianza mwaka 2010 na A6700 ya mwaka 2023 ina mdomo huo huo. Lenzi utakayoinunua leo utahama nayo.

Haya, sasa nisije nikawa kama wale wa vidio, nikasifu tu. A6000 ina upungufu, na baadhi utakuuma. Haina tundu la maikrofoni, kwa hivyo kama wataka kurekodi mawaidha au kasida kwa sauti safi, huenda ikakubidi urekodi sauti kwa kifaa kingine kisha uunganishe. Vidio yake ni ya kiwango cha HD kamili, si ile ya 4K. Haina kitulizo cha mtikiso ndani yake, mkono ukitetemeka na picha imetetemeka, na ndani ya boti ndiyo usiseme. Haina namna ya kupiga kimya kimya. Niliwahi kuipiga msikitini wakati wa darsa, kila mlio mmoja watu watano wageuka. Siku hizi nikiingia humo naiacha mkobani. Betri nayo ni ya picha 300 na kitu. Ile mpya ya 2023 imeyarekebisha yote haya, na inaweza kulifuata jicho la mtu anayekimbia bila kulipoteza. Kama wewe kazi yako ni vidio, na tayari kuna watu wanaokulipa kwa vidio, basi fikiria vingine, usinifuate mimi kwa upofu.

Lakini kasi yake hainipungukii. Yapiga picha 11 kwa sekunde moja. Kwenye mashindano ya madau nilibonyeza mara moja tu pale chombo kilipolala ubavu na mabaharia wakatoka nje juu ya ubao, na katika picha zile kumi na moja kulikuwa na moja ambayo kila mdomo uko wazi. Na jambo la mtu wa kisiwani: inachajiwa yenyewe kwa waya ule ule wa simu za zamani. Kwetu umeme ni wa sola. Mchana nailaza karibu na betri ya sola, usiku iko tayari.

Nije kwenye kununua kwenyewe, hapa ndipo nilipochomwa.

Babu alipokuwa akiitwa kukagua chombo kikuukuu anachotaka kununua mtu, alikuwa hatazami rangi. Alilizunguka dau akiligonga kwa mpini, ubao mmoja mmoja, ameinamisha sikio. Akifika mahali mlio umekuwa mzito anasimama. Siku moja nilimwuliza, babu, mbona hili limechakaa na wewe wasema ni zuri? Akanijibu, "Mbao hai, misumari ndiyo iliyokufa." Misumari yabadilishwa, kalafati yapigwa upya, sifa yapakwa. Ubao uliooza hauna dawa.

Mimi kamera ya kwanza niliinunua kwa rangi. Nilikutana na muuzaji Mombasa, simtaji yeye wala mtaa wake. Kamera yang'aa, mkanda mpya, maneno matamu. Nikalipa. La kheri ni kwamba nilikuwa na mwenzangu tuliyesoma naye madrasa moja, naye akamwambia muuzaji pale pale, kabla hatujaachana: "Twanunua kwa sharti la siku tatu." Muuzaji akakubali, nadhani kwa kutojali. Siku ya pili kamera ikazima, haikuwaka tena. Nilipomulika kwa tochi sehemu ya betri nikaona kutu ya kijani. Ilikuwa imekunywa maji ya chumvi, na mwenyewe alijua.

Wenzangu mliosoma mlango wa biashara kwa masheikh wetu mwakumbuka khiyari. Mkiwa bado mko kikao kimoja, kila mmoja ana haki ya kurudi nyuma. Mkiweka sharti, katika madhehebu yetu ya Shafi, mwisho wake ni siku tatu. Na ikitokea aibu iliyokuwamo kabla hujapokea nawe hukuijua, una haki ya kurudisha, ila usikawie ukishaigundua. Muuzaji naye ni wajibu aiseme aibu ya kitu chake. Tulikuwa tukiyasoma hayo kwa mifano ya ngamia na watumwa, nami nikisinzia. Kumbe yalikuwa yanazungumzia kamera yangu! Nilirudi siku ile ile, na shahidi wangu. Alinung'unika sana, lakini pesa akatoa.

Ya pili niliikagua kama babu. Nilipiga picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi nimelibana mpaka nambari 22, nikaikuza nione kama kuna madoa meusi. Vumbi husafishwa, mkwaruzo wa kihisi hausafishwi. Nikamulika lenzi kwa tochi kutokea nyuma, nikitafuta nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu, na kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu ukishaingia hautoki kwa urahisi. Nikatazama parafujo kama zimechubuka, dalili kwamba fundi alishaifungua. Nikabonyeza kila kitufe, nikatia na kutoa kadi, nikaiwasha na kuizima mara kumi. Kisha nikaomba picha moja niitie kwenye kompyuta, ambako kuna programu ya bure, ExifTool, inayoweza kusoma imepiga mara ngapi tangu izaliwe. Shata ya kamera za daraja hili hukadiriwa kama mara 100,000. Yangu ilikuwa na 19,000 na kitu. Mwisho nikauliza risiti na boksi. Sikuuliza kwa ajili ya urembo. Kitu cha wizi hakiwi halali kwa kuwa bei ni nzuri, na sheria ya Kenya nayo humshika mwenye kupokea mali ya wizi. Kamera ina nambari yake chini, ilinganishe na ya boksi. Kamera ya picha tu kwenye simu, tuma pesa kwanza utaletewa, hiyo usiiguse.

Lakini kuna jambo lililonitetemesha zaidi ya kutu ile. Nilipofika nyumbani na hii ya pili nikaona muuzaji amesahau kadi ndani. Nikaiwasha, na picha ya kwanza iliyojitokeza ilikuwa ya ukumbi wa harusi, upande wa wanawake. Niliifunga hapo hapo. Nilimpigia simu muuzaji, akasema ati, "Futa tu, si neno." Si neno? Wale ni mama na dada za watu, walivua mabuibui yao wakijua wako baina yao. Walimwamini mpiga picha, na amana yao ikauzwa pamoja na mkoba uliochanika zipu. Na kufuta hakutoshi, manake picha iliyofutwa kwenye kadi bado yaweza kufukuliwa kwa programu mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Niliivunja ile kadi kwa koleo.

Basi sikiliza, wewe unayetaka kuuza kamera ili ununue mpya: kadi usiiuze. Kaa nayo au ivunje.

Na wazazi, hapa nawaomba. Kazi hii ya harusi kwa upande wa wanawake ni ya binti zetu. Dada yangu ameifanya mara mbili kwa kamera hii hii. Anaingia ukumbini, simu zimeachwa mlangoni, apiga, na mwisho wa shughuli kadi amkabidhi bibi harusi mkononi mwake. Hainunuliwi kwa elfu hamsini za ziada amani ile. Kamera hii haina laini, haijipelekei picha yenyewe kwenye mtandao usiku watu wamelala. Kwa wengine huo ni uzee wake. Kwa wanawake wa hapa ndiyo sifa iliyofanya wamwite tena.

Utunzaji nitaupitia mbio. A6000 haikuzibwa dhidi ya maji wala mchanga. Ndani ya boti yangu hukaa katika ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiiweke ndani ya mchele kama watu wasemavyo, unga wake waingia kila tundu. Pwani usibadilishe lenzi, kioo hakimo, kihisi kiko wazi mbele ya upepo. Ukifika nyumbani ipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, kisha kikavu.

Tangu niinunue nimewapiga picha wavuvi wa kamba mawe wakirudi alfajiri, kina mama wakisuka mikeka, na mafundi wawili waliojifunza kwa babu. Wako waliokataa, nami nikaishusha kamera, ni haki yao. Bibi nilidhani atakataa. Aliniuliza tu, "Nivae mtandio upi?" Akabadilisha mara tatu. Picha yake nimeichapisha, iko ukutani chumbani kwa mama, macho yote mawili yaonekana.

Yule kijana je? Tulikaa tukahesabu. Kwa kamera mpya na riba ya mkopo wake, harusi nane za kwanza angekuwa anamfanyia kazi mkopeshaji. Mfungo Mosi mmoja kisiwani kwetu harusi nane huzipati wewe peke yako. Kwa kamera kuukuu kama yangu, na akiba aliyonayo tayari, harusi mbili zingemrudishia pesa yake. Hajaamua bado. Kipya kinyemi, wazee walisema, ingawa kidonda. Nimemwambia harusi ya kwanza achukue yangu, kwa sharti moja tu, kwamba asibadilishe lenzi pwani.

Jumamosi zilizobaki za mwezi huu, inshallah, baada ya alasiri nitakuwa pale chini yanapokokotwa madau. Mwenye kutaka kujifunza na aje, dada zetu wamfuate dada yangu nyumbani. Mwenye mzazi au babu aliye hai amlete naye akae kwenye kivuli, tutampiga picha bila malipo. Njooni mapema kidogo, betri ni mbili tu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.